Nani Amempaka Baba Chokaa Menoni?

Masii
11 Februari 2024

Ndugu yangu Urbanus,

Pokea salamu za nyumbani, na umgawie mkeo Emily kabla hujazimaliza peke yako. Huku tu wazima. Ndengu zilikuwa chache, lakini mbuzi mweusi amezaa pacha na wote wananyonya. Mwaitu anakula vizuri. Kusahau ndiko kumezidi. Juzi aliniita Kamanthe, jina la dada yake aliyekufa zamani, na nilipomwambia mimi ni Nzilani bintiye, aliniomba radhi kama mtu aliyenikanyaga sokoni. Nilienda nyuma ya jikoni nikalia.

Daktari wa Machakos alisema tumwonyeshe kila siku sura anazozijua, zisimtoke zote kwa pamoja. Kwa hivyo asubuhi akinywa chai namkalisha mbele ya ile picha kubwa ya marehemu baba. Humsalimia, humwuliza kama amelala vizuri, kisha humlaumu kwa kuwa hakufunga zizi. Siku hiyo inakuwa siku njema.

Sasa mchwa wameila. Waliingia kwa nyuma ya fremu wakamla baba kuanzia begani, na nilipoigusa ilibaki vumbi mkononi. Nakala iko ndani ya kompyuta ya studio, kwa hivyo nakutumia diski nzima kwa pickup ya Kisilu, kwenye gunia la maembe. Nichapishie kubwa kama ile ya kwanza, kwa sababu mashine ya hapa mwisho wake ni picha za pasipoti. Ninaandika barua kwa vile kwa simu tunagombana mpaka bando linaisha, na diski ilikuwa lazima isafiri.

Jambo la pili ni programu. Tuliafikiana tununue moja. Mimi nataka ile ya kupanga picha. Baba alipiga picha miaka yote ile, nami nimeongeza zangu, na zote zimelala chungu moja, harusi juu ya mazishi. Mtu akija kuniomba picha ya marehemu nyanya yake, natafuta kutwa nzima. Programu ya kupanga inatambua sura, inakuletea kila mahali mtu huyo alipo, na haiigusi picha yenyewe. Za kurembesha nimezichoka. Wiki jana niliombwa nikate kichwa cha mzee nikibandike kwenye suti ya mtu mwingine, iwe picha ya juu ya jeneza. Nilifanya, lakini sirudii.

Njoo Pasaka. Sura yako haihitaji kuchapishwa.

Dada yako,
Nzilani


Katelembo, Athi River
3 Machi 2024

Kwa dada Nzilani,

Mimi na Emily tunakusalimu, na maembe yalifika bila hata moja kupondeka. Mwambie Kisilu shukrani. Kazini nimetolewa stoo nikawekwa ofisi ya mbele, pale wateja wa jumla wanapoingilia. Siku hizi navaa tai. Meneja alisema mimi sasa ndiye uso wa kampuni, na akasema niuangalie huo uso.

Kuhusu programu, tusidanganyane. Nani hapo Masii atakuja studio kwa sababu picha zako zimepangwa? Mteja haulizi picha yake iko folda gani, anauliza anaonekana vipi. Ile ya kupanga ni kabati, na kabati halimpendezeshi mtu. Nimeshanunua ya kuhariri. Ukiiona utanishukuru. Unabonyeza mahali pamoja tu, makunyanzi yanaondoka, jasho linakauka, ngozi inang'aa.

Tena nikuambie ukweli, nilipofungua folda zenu nilisikia kinyaa. Watoto wenye makamasi. Nzi kwenye keki ya harusi. Na yale meno, Nzilani! Kanisa zima limekenua meno ya rangi ya chai, hakuna anayeona haya. Ukikaa huko huwezi kuona. Ukitoka ndiyo unaona, kwa sababu watu wanakuonyesha.

Picha ya baba ndiyo hii, na fremu ni zawadi yangu. Nimemsafisha kidogo tu. Diski nayo iko ndani ya sanduku.

Pasaka sitaweza, kuna kuhesabu mali ya stoo. Simu za video tuziache pia, mtandao wa hapa ni mbaya. Halafu usinitumie tena isyo ya mahindi na maharagwe, wala mahindi ya kuchoma. Tunakula vitu laini kwa sasa. Ukipata unga wa uji, huo tutaupokea.

Ni mimi,
Urbanus


Masii
20 Machi 2024

Urbanus,

Sisi hatujambo. Mvua imenyesha mara moja na kila mtu amekimbilia shamba. Unga wa uji umo ndani ya kifurushi, ingawa sijui ni nani anayekunywa uji hapo kwenu, maana mtoto hamjapata na wagonjwa hujaniambia.

Picha niliitundika mahali pa ile ya kwanza, nikamletea Mwaitu chai yake. Aliitazama mpaka chai ikaingia utando. Kisha akaniuliza, "Huyu ni nani amekaa kwa ukuta ya Ndunda?" Nikamwambia ndiye Ndunda mwenyewe. Akanitazama kama tapeli. "Mimi niliolewa na Ndunda. Huyu ako na meno ya sinki. Mtoe, na umwambie akitaka kitu apitie kwa chifu." Nilipotoka kidogo aliigeuza ikatazama ukuta. Tangu siku hiyo hamsalimii mtu asubuhi. Anakunywa chai akiangalia mlango.

Nani alikutuma umpake baba chokaa menoni? Meno yake yalikuwa ya kahawia kwa sababu alikunywa maji ya kisima cha hapa, kama mimi, kama wewe, kama padri aliyezaliwa ng'ambo ya mto. Hayakuwa uchafu. Mwaitu alimjua kwa kicheko chake, na wewe umeking'oa.

Nikasema haidhuru, nitaifungua diski nichukue picha ya mwanzo. Urbanus, nimeifungua. Kila mtu ana meno meupe. Maharusi wote. Kwaya yote. Marehemu katekista, ambaye alikuwa na meno mawili pekee, ameota safu nzima. Kuna mtoto wa ubatizo asiye na jino hata moja, na programu yako imempaka weupe kwenye fizi, anacheka kama kitu kilichofufuka vibaya. Nilikimbia nje nikatapika karibu na tangi, mteja akiniangalia.

Sitaki maelezo mengi. Nitumie picha za mwanzo, zile ulizozinakili kabla ya kuzigusa. Najua ulizinakili, kwa sababu ulisomea kompyuta.

Nzilani


Katelembo
2 Juni 2024

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Emily alikuwa na homa, sasa amepona. Nimesikia mahindi ya huko yamekauka kabla ya kubeba, poleni sana.

Nimekaa na barua yako tangu Machi. Programu ina kitufe cha kurekebisha picha moja, na kingine cha kurekebisha folda nzima. Nilibonyeza hicho cha pili. Iliuliza kama ihifadhi juu ya zile za zamani, nikakubali, nilikuwa na haraka. Za mwanzo hazipo. Nimemwuliza fundi wa hapa Athi River, akasema hazirudi.

Lakini usinitapikie mimi peke yangu. Wewe unaishi mahali ambapo kila mtu amekunywa kisima kimoja. Mimi nikiwa stoo, mteja mmoja alikuja kulalamika kuhusu mabati yenye kutu. Nikatabasamu ili nimtulize. Akawaambia wenzake, "Hata huyu ameshika kutu mdomoni." Walicheka, na watu wa ofisi wakacheka nao. Ni watu ninaokula nao. Siku hiyo nilijifunza kuongea mdomo ukiwa nusu. Hivi ulishawahi kuongea hivyo wewe, kutwa, mpaka taya zikauma?

Na baba je? Karibu hayumo katika picha yoyote. Alijificha nyuma ya kamera maisha yake yote. Unafikiri ni kwa nini?

Mambo mengine ni ya kawaida. Ukituma unga, utume wa wimbi.

Urbanus


Masii
25 Juni 2024

Urbanus,

Mpe Emily pole yangu. Mbuzi mmoja wa wale pacha amekufa, mwingine anaruka ua kama mwizi. Mwaitu amenikumbuka jina siku tatu mfululizo, na leo amelisahau tena.

Kwanza nijibu lako la baba. Hakujificha. Alikuwa nyuma ya kamera kwa sababu ndiye aliyekuwa na kamera. Usimvalishe haya yako, tayari umemvalisha meno.

Pili, wale waliokucheka walininyima usingizi, na ningewapata ningewatemea. Lakini mtu akikutemea unajipangusa, huendi kuwaosha wazazi wako waliokufa.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Niliikumbuka ile mikebe ya biskuti chini ya meza ya studio, ambamo baba alikuwa akiweka sidi za picha zake za mwanzo. Panya walikuwa wameacha uchafu wao, mende nao wakataga mayai ndani ya vifuniko. Nilizipangusa moja moja nikiwa nimefunga pua kwa leso, nikaziingiza kwenye kompyuta zile zilizokubali. Halafu nikachukua programu ya kupanga, ile yangu, ambayo wanakuruhusu kuijaribu mwezi mmoja bure. Niliionyesha sura ya baba kwenye kitambulisho chake. Ikakaa ikitafuta wakati mimi napika.

Niliporudi nilimkuta. Alikuwa kwenye kioo cha dirisha nyuma ya bibi harusi, kamera imemfunika jicho. Alikuwa kwenye kona ya picha ya mazishi, akimwelekeza mtu asogee. Halafu kuna moja ambayo mtu mwingine alimnyang'anya kamera. Ni harambee ya kanisa, baba amenunua jogoo kwenye mnada, amemshika miguu, na anacheka mdomo wazi mpaka magego. Meno yote ya kahawia yanaonekana. Niliichapisha kwenye karatasi ndogo ndogo nikaziunga kwa gundi.

Mwaitu aliiona tu akaweka kikombe chini. "Huyu jogoo alimnunua na pesa ya karo," akasema, na akaanza kumgombeza palepale. Urbanus, niliketi chini kwa furaha.

Halafu kuna lako. Programu hiyo ilikuweka wewe ndani ya kisanduku cha baba. Ni picha yako ya siku ya kipaimara, unacheka, shati limechomoka. Ikaniuliza kama ninyi ni mtu mmoja. Nikaijibu hapana. Mwaitu naye nilimwonyesha, akasema, "Huyu ni wangu. Ako wapi?" Sasa anauliza kila siku. Njoo, akiwa bado anauliza. Usiniambie tena habari za stoo.

Dada yako,
Nzilani


Katelembo
15 Oktoba 2024

Dada Nzilani,

Salamu. Emily ni mzima, nami nipo. Barua zako mbili za katikati nilizipata, na ndengu pia. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana.

Nitakuja Krismasi. Nimeomba ruhusa. Nitakapofika usiniulize kitu mbele ya watu. Ni hilo tu.

Urbanus


Masii
28 Desemba 2024

Urbanus,

Nimeficha hasira siku tatu nikaona itanipasua. Uliondoka kabla nyama haijaiva, hukuaga, ukamwacha Emily anatafuta maneno ya kuniambia huku anakata kachumbari.

Kwa hiyo ndiyo habari ya uji. Ndiyo habari ya mtandao mbaya. Tangu Februari ulikuwa na hayo mawe mdomoni, na mimi hapa nakutumia unga wa wimbi kama mjinga. Ulipotabasamu pale langoni, nilidhani ni mtu wa kuuza bima. Halafu nikasikia sauti ni yako. Meno yote ni sawasawa, yamepangana kama vigae vya bafu, na juu yake macho ya baba. Uliponikumbatia nilisikia na harufu, Urbanus. Kuna kitu kinaoza huko nyuma ya huo weupe. Nakuambia kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia.

Niliingia jikoni kuepua mkate, nikawaacha wewe na Mwaitu ukumbini. Nilipotoka kiti chako kilikuwa kitupu. Yeye alikuwa ametulia kabisa, akaniambia, "Yule mgeni ameenda. Ni mtu mzuri, lakini hana mengi."

Alikuambia nini? Nataka kujua, na sitaki kujua.

Nzilani


Katelembo
9 Januari 2025

Dada yangu,

Mwaka mpya umetukuta salama. Emily anakusalimu na anasema kachumbari ilikuwa tamu.

Harufu hiyo naijua. Naisikia kila nikipumua kwa mdomo, na naichukia kuliko unavyoichukia wewe. Meneja alisema ofisi ya mbele inataka uso, nami nikapanda ghorofani kwa daktari mmoja asiye na kibao mlangoni. Aliyasaga meno yangu mpaka yakabaki vijiti, kisha akabandika haya juu. Sikujua atayasaga. Fizi zimeoza upande wa kushoto. Daktari wa kweli, niliyemwona juzi, ameniambia haya yatatolewa, lakini yale yangu hayarudi. Ni kama picha zako. Nilikubali ihifadhiwe juu ya ile ya zamani.

Umeuliza alichoniambia. Ulipoingia jikoni, nilimsogelea nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mwaitu, ni mimi." Akanipangusia kiti kwa kanga yake. "Keti, mgeni," akasema. "Kijana yangu anakuja leo. Anaitwa Urbanus. Yeye ndiye ataongea na wewe, mimi siku hizi nasahau watu." Akanionyesha ile picha ya kipaimara, alikuwa nayo chini ya mto. Akaniambia mengi juu ya huyo kijana. Kwamba akicheka nyumba inajaa. Kwamba hajawahi kumficha kitu.

Kisha akageukia mlango. Nikaketi kando yake, Nzilani, tukamngoja pamoja. Kila lango lilipolia aliinuka kidogo. Nilipoona hataacha kuinuka, nikatoka.

Ile programu yangu nimeifuta. Kanunue yako, mwezi wake wa bure umeisha zamani. Sina la kusema zaidi.

Mdogo wako,
Urbanus


Masii
26 Januari 2025

Ndugu yangu,

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Mwaitu anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, lakini anakula. Yule mbuzi mwizi tulimfunga kamba.

Nimeinunua programu. Jana niliweka ndani picha za Krismasi, maana Emily alikupiga moja ukiwa langoni kabla hujaingia. Iliwatambua wengine wote. Mimi ilinitambua nikiwa na unga usoni. Mwaitu ilimtambua akiwa ameipa kamera mgongo nusu. Ilipofika kwako ilikuweka peke yako, katika kisanduku cha watu isiowajua, na chini yake ikaandika, "Huyu ni nani?" Kando kuna nafasi ya kuandika jina.

Nilishika kibodi nikaandika herufi ya kwanza, nikaifuta. Nikambebea Mwaitu kiti chake mpaka mbele ya kompyuta, nikamwonyesha wewe, nikamwuliza. Aliinama karibu sana, pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Huyu ni yule mgeni," akasema. "Mwambie akuje tena. Alinisaidia kungoja."

Yatoe hayo meno, Urbanus, yote, hata ukibaki na mapengo. Kisha uje ucheke mbele yake, tuone.

Ile nafasi bado nimeiacha wazi.

Dada yako,
Nzilani